Nave za Kambi ya Reli

Katika kambi yetu ya reli hapa Kalemie, mimi njo muntu wa kwanza kuotesha nave. Kama kuna anayebisha, aje na zake tuzipange juu ya meza, tuone. Wale wasiojua nave niwaambie: ni mzizi wa mviringo, mweupe chini, mabega ya zambarau kama padri wakati wa Kwaresima. Wazungu walikuwa wanatia ndani ya supu. Sisi tulikuwa tunapita nyuma ya jikoni zao tukipata harufu tu, na harufu yenyewe, tuseme kweli, haikuwa ya kumsimamisha mtu njiani.

Kambi yetu ni mistari ya nyumba za matofali. Mbele baraza, nyuma kiwanja kidogo, halafu ukishuka unafika ziwani. Watu wametoka kila pahali: Kabalo, Nyunzu, Moba, Uvira, hata Kigoma ng'ambo. Kila mama alikuja na namna yake ya kupika sombe, yale majani ya mihogo, na kila mama anajua kwamba namna ya jirani ni mbaya. Lakini katika kulima wote wako dini moja: mihogo, matembele, lengalenga, na bamia kidogo karibu na choo. Mtu akipanda kitu kingine, wanamwangalia kama amevaa kofia kanisani.

Sasa mimi. Mimi nilikuwa najulikana. Siku moja, wakati wa shida ya chumvi, nilipiga kelele kwamba behewa la chumvi limepasuka stesheni na kila mtu anajichotea. Wamama walitoka mbio na mabeseni, mmoja akiwa bado na povu la sabuni kichwani. Behewa lilikuwa zima. Mimi sikubaki mzima, maana Mama alinifikia kabla sijamaliza kucheka. Tangu siku hiyo, nikisema mvua inanyesha, watu wananyoosha kwanza mkono nje.

Mbegu zilikuja na Lipanda, yaani Uhuru. Wazungu wengi walipoondoka haraka haraka, karibu kila nyumba ya kambi iliachiwa kitu. Jirani yetu aliachiwa kiti cha kubembea. Nyumba ya tatu, kitanda cha chuma. Mama alikuwa anafua nguo za bwana enjenya mmoja, na mke wa yule enjenya alimwachia paka, na pakiti moja ya mbegu. Mama alirudi nyumbani, paka kwapani, pakiti mkononi, uso umefungwa kama duka siku ya Mungu.

"Wenzangu wanapata vitanda," alisema. "Mimi napata kinywa kingine cha kulisha."

"Na mbegu," Papa alisema.

Papa alikuwa mfunga breki wa treni za mizigo. Kazi yenyewe ni ya kukaa peke yake nyuma ya mabehewa na kusikiliza magurudumu, kwa hiyo hata nyumbani alikuwa anasema maneno mawili, anapumzika. Mimi nilizaliwa kumsaidia kusema yale mengine.

Pakiti ilikuwa imepata maji zamani, maandishi yote yamefutika, ikabaki picha tu: nave tatu nono, zimekaa kama mabibi kwenye karamu. Mama aliitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, na ikakaa huko zaidi ya mwaka, maana ulikuwa wakati ambapo treni zinasimama ovyo na watu wanalala na viatu. Nani atapanda picha wakati kama ule? Mambo yalipotulia, mimi njo niliyepanda juu ya kiti nikateremsha kopo.

Kiangazi hicho cha kwanza nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilikuwa najua kila kitu. Nilichimba matuta marefu kama ya matembele, kwa sababu mtu wa hapa akiona kitu kinachozaa chini ya udongo, mkono wenyewe unachora tuta. Nikamwaga nusu ya mbegu kama anayelisha kuku. Zikaota zote, zimebanana kama watu wa madaraja ya nyuma ndani ya treni ya sikukuu. Nilifurahi sana. Nilitangaza kambi nzima kwamba siku ya kuvuna waje wote na vyungu.

Halafu Mama akaona majani.

Sijui kama mnaelewa mama wa hapa akiona jani bichi. Jani haliko pambo. Mihogo tunakula majani, viazi tunakula majani, maboga tunakula majani, kunde tunakula majani. Mzizi na tunda ni mambo ya baadaye, jani njo mboga ya leo. Jioni ya kwanza Mama alichuma kidogo, akapika na mawese na ndagala. Ilikuwa kali kidogo puani, kama haradali, lakini bugali ilishuka. Jioni ya pili akachuma tena. Tulikula kiangazi chote. Mimi mwenyewe nilikuwa naongeza sahani na kusifu shamba langu.

Siku ya kuvuna watu walikuja kweli. Si kwa kuniamini. Walikuja kuona nitasema nini. Mbele yao wote nikashika shina la kwanza, nikavuta. Kikatoka kitu chembamba, kirefu, chenye manyoya. Nikavuta la pili: ndugu yake. Nikavuta tuta zima.

Jirani yetu, yule wa kiti cha kubembea, alikuwa mgeuza njia pale stesheni, yaani yeye njo anayeamua treni ipite huku au kule, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia kichwani. Alikuwa mtu mnene, mfugaji wa mbuzi, na rafiki mkubwa wa Papa, namna ile ya urafiki ambao siku isiyo na matusi ni siku ya ugonjwa. Aliinua mzizi mmoja kwa vidole viwili, akaniangalia; kwetu hata binti anaitwa Mama, na kila mzee Papa.

"Mikia ya panya!" alisema. "Na panya wenyewe wako wapi, Mama? Mulisha kuwakula?"

Watu walicheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Mimi nikacheka pia, kicheko ni chakula changu. Lakini jirani hakuishia pale. Alimgeukia Papa.

"Ndugu yangu, huyu binti yako ni mudomo tu. Mungu alimuumba kuanzia mudomo, jioni ikamufikia, akaacha ivi."

Hata hilo nilicheka, lilikuwa zuri. Papa peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye baraza anafunga kiatu. Akamaliza kufunga. Akasema:

"Mwaka kesho, kipaimara ya kijana wangu, weye njo musimamizi wake."

"Mimi njo musimamizi, tulisha kusikilizana."

"Basi siku ile, sahani yako ya kwanza itakuwa nave za huyu binti. Kutoka pale." Akaonyesha matuta yangu kwa kidole.

Waliokuwa wanaondoka wakarudi. Lazima nieleze: kijana ni mdogo wangu. Kwetu kambini, mtoto akipata kipaimara, msimamizi wake anakaa katikati ya karamu na anakula wa kwanza, wengine wote wanaangalia kinywa chake. Neno atakalosema juu ya sahani ile, kambi italirudia mwaka mzima. Kuna mama mmoja, msimamizi alisema kuku wake "amekufa kwa njaa". Mpaka leo anaitwa hivyo, na amehamia Kabalo. Papa, mtu wa maneno mawili, alikuwa ametoa neno mbele ya watu wote, na neno lenyewe alikuwa amelitia mikononi mwangu.

Watu walipokwenda nilimfuata.

"Papa, na kama hazikutoka?"

"Watacheka."

"Mimi nimezoea."

"Hawatakucheka weye," alisema. "Watanicheka mimi."

Hapo ule utani wote ulinitoka mwilini, kwa muda wa dakika nzima. Kicheko nimekijua tangu zamani, ninakipika mwenyewe, ninakila mwenyewe. Lakini Papa akipita kati ya wenzake wa reli na mtu anasema "mikia ya panya", hapana.

Msaada wa kwanza ulitoka kwa yule paka. Alikuwa paka wa adabu, haelewi ila Kifaransa, na pale nyuma ya sakafu ya kufulia alijichagulia choo chake. Mbegu moja ilikuwa imeruka ikaangukia huko, ikaota peke yake. Mama hakugusa majani yale hata siku moja. Mama wa hapa anachuma kila jani, lakini si chooni kwa paka. Wiki moja baada ya aibu yangu nilikuwa natafuta sabuni iliyoteleza, nikaona bega la zambarau linatoka udongoni. Nikavuta. Nave! Nzima, ya mviringo, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, imeinua kidevu kama ile ya kwenye picha.

Nilikimbia nayo kambi nzima. Mnadhani waliniamini?

"Umeiomba kwa masista," Mama alisema.

"Imetoka katika meli ya Kigoma," jirani alisema. "Mama, safari hii behewa gani limepasuka?"

Papa tu aliinuka. Alikwenda nyuma ya sakafu ya kufulia, akainama, akatia vidole ndani ya shimo, akalipima. Akarudi, akanawa mikono.

"Iko shimo," alisema.

Basi nikakaa chini, nikafikiri, jambo ambalo walimu wangu hawakuwahi kuliona kwa macho. Ile nave moja ilikuwa na nini ambacho zile mia hazikuwa nacho? Ilikuwa peke yake, na nafasi ya kunenepa. Ilikuwa na mbolea, tusiseme ya nani. Haikufukiwa ndani ya tuta. Na hakuna mtu aliyekula majani yake. Zile zingine kila jioni tulikuwa tunazivua nguo, halafu tunataka zinenepe.

Shuleni nilimwuliza sista wa bustani kama nave zinaweza kuota Kalemie. Alisema hapana, nave zinapenda baridi, ni za milimani kule Moba.

"Basi, Sista, nitazimwagilia mpaka zifikiri ziko Moba."

Alinitoa nje ya darasa. Lakini maneno yake niliyachukua. Mwaka uliofuata sikungoja joto. Mvua zilipokata tu, wakati ule upepo wa asubuhi kutoka ziwani unafanya meno yagongane, nilitia mbegu zilizobaki katika udongo wa tambarare, mistari, bila tuta hata moja. Wapita njia walisikitika. "Huyu mutoto hajui hata tuta," walisema.

Mbolea ilitoka kwa jirani mwenyewe. Kila Jumamosi nilikwenda kufagia zizi la mbuzi wake, na yule mtu mnene alikaa kwenye kiti chake cha kubembea akinisifu kwa sauti, ili Papa asikie: "Ona, binti ameanza kupata akili! Anafagia bila kutumwa! Mudomo umepungua, mikono imeota!" Nikamjibu, "Ndiyo, Papa," kwa unyenyekevu wa malaika, na kapu la mavi ya mbuzi kichwani. Sijawahi kuona mtu anayesaidia kushindwa kwake kwa moyo mwema namna ile.

Maji ilikuwa kazi ya pili. Kambi ina robine moja kwa mistari miwili ya nyumba, na foleni ya wamama pale haina huruma. Mimi nilikuwa nalipa kwa hadithi. Naanza hadithi tamu, ya padri na baiskeli yake tuseme, nikifika pahali padri anaanguka ninanyamaza. "Halafu?" "Halafu nina ndoo mbili za kujaza." Wananipisha. Nilimwagilia asubuhi kabla ya shule na jioni, na padri wa watu alianguka na baiskeli mara nyingi kuliko watakatifu wanavyoruhusu.

Lakini kazi kubwa ilikuwa mikono ya Mama. Majani yalipofika urefu wa kiganja nilimkuta amesimama pale na ungo.

"Mama, hapana."

"Hapana nini?"

"Usichume."

"Mutoto, majani yako pale, watoto wanakula bugali na ndagala pekee, na mimi niyaangalie? Nikuwe muntu wa namna gani?"

"Ni juu ya neno la Papa."

Mama aliushusha ungo. Niliona vidole vyake vinachezacheza vyenyewe, kama vya mtu anayeachishwa tumbako. Hakuwa mbaya, naomba mfahamu. Tangu akiwa msichana alifundishwa kwamba mwanamke anayeacha mboga isimame shambani, watoto wakila pakavu, ni mvivu au mchawi. Akasema: "Basi mboga utatafuta weye." Tukapatana. Kila nikitoka shule nilifuata kando ya reli mpaka karibu na mto Lukuga, nachuma lengalenga za mwituni, narudi na fungu kichwani. Na nilipopunguza miche, nikang'oa iliyobanana ili kila nave ipate kiti chake, ile iliyong'olewa nilimpa Mama yote, akafurahi sana, ingawa aliniambia kwamba kung'oa kitu kizima kinachoota ni dhambi na nimwambie padri.

Zikanenepa! Sitaki kujisifu. Hapana, nataka. Nilikuwa naamka, kabla ya kunawa uso ninakwenda kuyaangalia yale mabega ya zambarau yanavyojisukuma juu, mistari mitatu, kila siku yameongezeka kidogo. Papa akitoka kazini, na vumbi la makaa bado masikioni, alikuwa anapita nyuma ya nyumba kwanza. Anahesabu kwa kidevu.

Wiki moja kabla ya kipaimara, dada mkubwa wa Mama akafika kutoka Kabimba, kule bwana wake anachoma chokaa. Tunamwita Mama Mukubwa. Alishuka kwenye lori amejaa vumbi jeupe, na kuku wawili, na samaki wa kukaushwa, na sauti ya kuita mtu aliye Kigoma. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Mukubwa hakungoja kupewa. Yeye ni mwanamke aliyelelewa vizuri, na mwanamke aliyelelewa vizuri hawezi kuamka katika nyumba ya ndugu yake akakaa kama sanamu.

Asubuhi nilitoka kwenda kuangalia nave zangu. Hazikuwa na majani.

Mistari miwili mizima ilikuwa vichwa vitupu, kama wanafunzi walionyolewa kwa sababu ya chawa. Mstari wa tatu ulikuwa bado, kwa sababu ungo ulijaa. Na Mama Mukubwa alikuwa jikoni anaimba, chungu kinachemka.

"Binti yangu!" aliniita. "Munalala na mboga iko pale, inazeeka! Dada yangu amekuwa muvivu tangu aingie mujini? Nimewapikia."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono kinywani. Aliniangalia. Nilimwangalia. Nani atamkemea dada mkubwa, mgeni, aliyeamka kabla ya jua ili alishe nyumba nzima? Nikakaa kwenye mkeka.

Papa alikuwa katika siku ya mapumziko. Tulikula sote. Mama Mukubwa alisimama juu yetu akingoja sifa, na Papa akafinyanga tonge, akachovya, akatafuna polepole, akameza.

"Mboga ni tamu, shemeji," alisema.

"Eh! Kesho nachuma ule mustari uliobaki."

"Ule," Papa alisema, "tuuachie."

Alipomaliza alinipa ishara, tukatoka wawili mpaka pale. Tulisimama mbele ya vile vichwa vitupu. Nilijua nave bila majani hazitakua tena, na tukiziacha na kuzimwagilia zitatumia nguvu zao zote kutafuta majani mapya, zitakuwa mbao ndani. Tukizitoa sasa ni ndogo, kubwa yake kama pera, na karamu bado wiki nzima. Nilimwambia Papa hayo yote, bila mzaha hata mmoja.

"Nave ni zako," alisema. "Sema weye."

Akangoja. Hilo silisahau. Mtu mzima alisimama anangoja nimwambie la kufanya, na angelifanya.

"Tuzitoe leo," nilisema. "Tuzifukie katika muchanga wenye maji."

Papa alikwenda kutafuta sanduku la mbao. Mimi na mdogo wangu, yule wa kipaimara, tulishuka ziwani kuchota mchanga. Tulizitoa mistari yote miwili, tukakata mikia, tukazipanga kama mayai, mchanga, nave, mchanga, nave, tukaweka sanduku kivulini nyuma ya pipa, gunia lililolowa maji juu yake. Mama Mukubwa alitukuta.

"Munazika nini?"

"Aibu ya familia, Mama Mukubwa."

Alicheka sana. Mpaka leo hajui alifanya nini, na anayemwambia atakutana na mimi.

Mstari wa tatu niliuacha udongoni mpaka siku yenyewe, na hapo nikajifunza jambo ambalo hata picha haikuniambia. Wiki ile jua lilikasirika, upepo ukalala. Nave za mstari ule zilikuwa kubwa, za kujivunia mbele ya watu, lakini nilipokata moja ilikuwa na nyuzi kama kamba ya meli na ukali wa kutoa machozi. Nikafukua sanduku. Nikakata ndogo moja. Kisu kilipita kama ndani ya pera bichi. Nikatafuna: baridi, tamu, maji mengi. Ningepiga kelele kambi nzima, lakini nani angenyoosha hata mkono?

Mama Mukubwa njo aliyezipika, kwa sababu hakuna aliyejua kuzipika na yeye peke yake hakuona aibu kutojua. Alizionja mbichi, akafikiri, akasema, "Hii inataka karanga." Akazikata vipande, akazichemsha na samaki wake wa Kabimba, akamwagia karanga iliyotwangwa na mawese kidogo. Harufu ikatoka nje, na safari hii ilikuwa ya kusimamisha watu.

Karamu ilikuwa uani, chini ya turubai la reli. Mdogo wangu amevaa shati jeupe, paji la uso bado linang'aa mafuta ya askofu. Jirani amekaa katikati, na tai. Tai ilikuwa inamkaba, lakini furaha ilikuwa inamkaba zaidi, maana mwaka mzima alikuwa ametayarisha neno lake. Nililiona limekaa chini ya ulimi. Watu walikuwa wengi, waliojua neno la Papa na walioambiwa njiani. Papa amekaa pembeni, mikono juu ya magoti, anaangalia ukuta.

Mimi njo niliyebeba sahani.

"Mama," jirani alisema kwa sauti ya stesheni, "hii ni kitu gani?"

"Mikia ya panya, Papa. Imekula mavi ya mbuzi wako, imenona."

Kicheko kilipanda mpaka turubai likatikisika. Yeye mwenyewe alicheka, halafu akaacha kucheka, na nikaona zile Jumamosi zote za kufagia zinapita usoni mwake, moja moja. Akachukua kipande, akakitia kinywani. Alitafuna. Akafumba macho. Akachukua cha pili bila kufumbua macho. Akachukua cha tatu.

"Sema basi!" mtu alipiga kelele nyuma.

Jirani aliinua mkono kama anavyosimamisha treni. Alimaliza sahani. Alipangusa karanga kwa bugali, akalamba kidole gumba. Halafu akamgeukia Papa, na lile neno la mwaka mzima, sijui alilimeza pamoja na nini, halikutoka.

"Ndugu yangu," alisema, "weye ulisema, na imekuwa. Mupe Mungu aksanti kwa mutoto huyu. Mimi mwaka kesho nataka atie za kwangu nyuma ya zizi."

"Omba mwenyewe," Papa alisema. "Yeye njo mwenye kujua."

Na yule mgeuza njia, mbele ya kambi nzima, na tai shingoni, akaniomba. Nilimwambia nitafikiri. Nilimwacha angoje kidogo, si sana, mpaka maharusi wa sahani ya pili walipofika, yaani kuku wa Mama Mukubwa. Halafu nikamkubalia, kwa sharti moja: mkewe asiguse majani. Hakuna aliyecheka. Wamama watatu wakaja kuniuliza, kwa sauti ya chini, asiguse mpaka lini.

Kesho yake Papa alikuwa na treni ya Kabalo. Asubuhi alifungua sanduku la mchanga, akachagua nave moja, akaiosha kwenye robine, akaikausha kwa leso, akaitia mfukoni mwa koti la kazi, bila kuniuliza na bila kuniangalia. Wafunga breki wenzake waliniambia baadaye kwamba kila stesheni, Niemba, Nyunzu, zote, alishuka akaitoa, akaionyesha kwa wale waliokuwepo, akasema maneno yake mawili: "Ya binti." Halafu anairudisha mfukoni. Kule Kabalo mmoja alitaka kuionja, nusura wapigane.

Alirudi nayo baada ya siku nne, imenyauka, laini, mabega yamepoteza rangi. Mama alitaka kumtupia mbuzi wa jirani. Papa alikataa. Aliiweka dirishani, pale mtu yeyote anayepita barazani lazima aione.